Mgeni wa Kirusi na Madirisha ya Ghala la Murgaro

CHAMA CHA WAFANYAKAZI WA TUMBAKU
TAWI LA MURGARO, MKOA WA LECCE

KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA KAMATI KILICHOFANYIKA JUMAPILI, TAREHE 8 APRILI 1951, KATIKA UKUMBI WA CHAMA (KINU CHA ZAMANI CHA ZEITUNI), NA KUMALIZIKIA JUMATATU KATIKA UA WA GHALA LA TUMBAKU

WALIOHUDHURIA
Ndugu Cesaria Mangiullo – Mwenyekiti
Ndugu Pompilia Scrimieri – Katibu, mwandishi wa kumbukumbu hizi
Ndugu Abbondanza Nuzzaci – Mjumbe
Ndugu Consiglia Merico – Mjumbe (mjamzito, alipewa nafasi karibu na mlango)
Wanachama wa kawaida, waliojaa ukumbini mpaka kwenye ngazi

WAALIKWA
Ndugu Learco Stampacchia – kutoka ofisi ya mkoa
Ndugu Taisiya Lopatina – mfumaji wa kiwanda cha pamba, mgeni kutoka vyama vya wafanyakazi vya Muungano wa Kisovyeti
Ndugu Kuzmin – msafiri mwenzake. Kazi yake haikutajwa
Ndugu Ginevra Alatri – mkalimani, kutoka Roma

ASIYEHUDHURIA
Ndugu Nunziata Pispico – kwa taarifa: mumewe amemfichia viatu

KUMB. NA. 1/4/51: KUFUNGUA KIKAO

Mwenyekiti alifungua kikao saa tano asubuhi, watu walipotoka misa ya pili. Aliwataka wanaume waliosimama mlangoni ama waondoke ama wapakate watoto. Waliobaki walipewa watoto.

KUMB. NA. 2/4/51: KUTHIBITISHA KUMBUKUMBU ZA KIKAO KILICHOPITA

Katibu alisoma kumbukumbu za mwezi Machi. Ndugu Abbondanza alipinga sehemu inayosema kwamba "alimvunjia heshima Mwenyekiti". Alidai kuwa alimkosoa tu. Wajumbe walikumbusha kwamba alimwita Mwenyekiti jogoo wa kuazima, anayewika asubuhi kwa mwingine. Ndugu Abbondanza alisema, "Sasa hilo si kweli jamani? Kwani mkoa wakisema wika, yeye hawiki?"

Mwenyekiti alieleza kwamba yeye hawikishwi na mtu. Ili kuepusha ubishi wa namna hii, iliazimiwa kwamba kuanzia leo maneno ya ugomvi yaandikwe kama yalivyotamkwa. Katibu ametii, na asilaumiwe.

KUMB. NA. 3/4/51: KUWAKARIBISHA WAGENI

Wageni waliwasili kwa gari la mkoa. Ukumbi uliwapokea kwa nyimbo na vigelegele. Mgeni, Ndugu Taisiya, ni mwanamke mnene wa makamo, amefunga kitambaa kichwani na ana nishani mbili kifuani. Alitengewa kiti pekee cha Chama chenye mikono, akakikataa, akajibana kwenye benchi kati ya Ndugu Abbondanza na Ndugu Consiglia. Kiti alikikalia Ndugu Stampacchia.

Walipewa mkate mkavu uliolowekwa na kupakwa nyanya, na mvinyo wa kwa Mwenyekiti. Mgeni alikula, akaomba tena.

Mkalimani alijitambulisha. Alisema kwamba amezunguka na wageni tangu kaskazini, na kwamba katika mji mmoja hotuba ya saa nzima ilitafsiriwa kwa sentensi moja, mgeni akalalamika, na malalamiko yakafika Roma. "Kwa hiyo nimepewa amri," alisema. "Kila neno litakalotamkwa mbele ya mgeni nilitafsiri, na kila neno la Kirusi nilitafsiri vilevile. Nisichuje. Nimechuja majuma matatu, ndugu zangu, na kichwa kinaniuma. Leo sichuji hata chai."

Ndugu Stampacchia alimpongeza kwa nidhamu yake ya kimapinduzi.

KUMB. NA. 4/4/51: AGIZO LA MKOA

Ndugu Stampacchia alieleza hali ya dunia. Alieleza kwamba wafanyakazi wa mataifa yote wamegawanyika kambi mbili, ya amani na ya mabeberu, na kwamba shirikisho la vyama vya wafanyakazi duniani, likiwa bega kwa bega na ndugu wa Kisovyeti, linataka kila tawi lipitishe azimio dhidi ya silaha mpya na lifanye mgomo wa saa mbili mwishoni mwa Mei. Aliomba dai la tawi hili kuhusu madirisha ya ghala lisubiri mpaka mgomo huo upite, nguvu zisije zikatawanyika.

"Dirisha ni jambo dogo," alisema. "Amani ni jambo kubwa."

Ndugu Abbondanza alisema, "Amani bila pumzi wanayo walioko makaburini."

Ndugu Stampacchia alimwinamia Mwenyekiti akamnong'oneza sikioni. Mkalimani, aliyekuwa amesimama nyuma yao, alitafsiri kwa sauti ya kufika mwisho wa ukumbi. Mgeni alisikiliza, akamtazama Ndugu Abbondanza kuanzia juu hadi chini, akajibu.

"Mgeni anauliza," alisema Mkalimani, "wanawake hawa hawajakomaa kisiasa kwa namna gani? Huyu aliyekaa naye ana wajukuu."

Ukumbi ulicheka. Ndugu Stampacchia alimwambia Mkalimani kwamba hayo hayakuwa ya kutafsiriwa. Mkalimani alimtafsiria mgeni hilo pia. Ndugu Kuzmin naye alimnong'oneza mgeni kwa Kirusi, akiwa ameziba mdomo kwa kofia.

"Ndugu Kuzmin anamwambia mgeni," alisema Mkalimani, "anywe maji badala ya mvinyo, na asiulize habari za mishahara."

Hapo hapo mgeni aliuliza habari za mishahara. Alijibiwa. Alipiga mbinja ndefu, na mbinja hiyo Mkalimani alisema haina haja ya kutafsiriwa.

Wakati huu Ndugu Nunziata Pispico aliingia peku, akapigiwa makofi. Jina lake lihesabiwe miongoni mwa waliohudhuria.

KUMB. NA. 5/4/51: MADIRISHA

Kwa faida ya wageni, Mwenyekiti alieleza hali ya ghala. Madirisha yote yamepigiliwa misumari tangu msimu uanze, ili majani ya tumbaku yasipoteze unyevu. Wanawake wanachambua tangu alfajiri katika mvuke na vumbi. Alhamisi iliyopita Ndugu Consiglia alizimia mara mbili juu ya meza. Mnyapara alimmwagia maji, kisha akamwandika kwamba hakuwepo kazini.

Kamati ilimwendea mwenye ghala, Don Ruggero Tamborrino, kumwomba afungue walau madirisha ya upande wa kivuli, na awape maziwa wenye kifua. Jibu lake lilikuwa hili: "Jani likikauka linavunjika. Mwanamke akikauka anakunywa maji." Aliongeza kwamba wanachama wa tawi hili wakithubutu kuacha meza zao, atazijaza siku hiyo hiyo kwa wanawake wa Chama Huru, ambao wengine wao wanachambua humo humo na wengine wanangoja nafasi.

Ieleweke kwamba Chama Huru ni wale waliojitenga nasi mwaka 1948, vyama vilipogawanyika nchi nzima, wakaenda kukaa chini ya padre katika ukumbi wa parokia, ulio ng'ambo ya ukuta wetu. Katibu wao ni Bi Tetta Bleve. Siku ya kuondoka alichukua nusu ya wanachama na birika kubwa la kahawa. Mwenyekiti na Bi Tetta, ambao walipokea kipaimara siku moja, hawajasemezana tangu hapo.

Consiglia alisema, "Tuwaombe. Wao nao wanakohoa."

Ndugu Stampacchia alisema haiwezekani. Agizo la mkoa liko wazi: hakuna ushirikiano wowote na wafarakanishi wanaolipwa na Wamarekani.

Ndugu Abbondanza: "Tetta analipwa na Wamarekani?"

Ndugu Stampacchia: "Kisiasa, ndiyo."

Ndugu Abbondanza: "Basi wamechelewa kumlipa, maana kila Jumamosi yuko mlangoni kwangu anaomba chumvi."

Mwenyekiti aligonga meza. Kicheko hakikukoma. Aligonga tena, mguu wa meza ukatoka. Mistari miwili inayofuata haisomeki kwa sababu Katibu naye alikuwa akicheka, na anaomba radhi.

. . . . . . . . . . . . . . . .

. . . . . . . . . . . . . . . .

KUMB. NA. 6/4/51: MANENO YA MGENI

Meza ilipoegemezwa ukutani, Ndugu Stampacchia alipendekeza mgeni mwenyewe amalize ubishi. Alimwomba awaambie wanawake wa Murgaro, kwa niaba ya wafanyakazi wa Kisovyeti, waweke jambo kubwa mbele ya jambo dogo.

Mgeni alisimama na karatasi yake. Alianza kusoma salamu, Mkalimani akatafsiri: salamu motomoto, udugu usiovunjika, amani ya kudumu. Katikati ya sentensi mgeni alinyamaza. Alimtazama Consiglia, aliyekuwa akijipepea kwa sahani. Alimuuliza ana mimba ya miezi mingapi. Aliambiwa minane. Alikunja karatasi akaitia mfukoni.

Haya ndiyo aliyosema, kama Mkalimani alivyoyatoa:

"Nilikuwa na umri wa huyu binti. Nilikuwa na mtoto mmoja mgongoni na mwingine tumboni. Kiwandani kwetu walipunguza mgao wa mkate. Tukaambiwa tuvumilie, kwa sababu nchi inajenga mambo makubwa. Na ilikuwa inajenga kweli, sisemi uongo. Lakini mkate wangu ulikuwa mdogo, na watoto hawali mambo makubwa. Siku moja mwanamke wa mashine ya jirani alizima mashine yake. Nikazima yangu. Kiwanda kizima kikawa kimya mpaka nikasikia ndege nje, na sikuwa nimejua kama kuna ndege mahali pale. Tukatoka barabarani, wanawake mbele."

Ndugu Kuzmin alisimama akasema maneno machache kwa ukali.

"Ndugu Kuzmin anasema," alisema Mkalimani, "usitafsiri hilo."

Ukumbi ulilipuka. Ndugu Kuzmin alisema tena, akiwa mwekundu shingoni.

"Anasema: na hilo pia usilitafsiri."

Katibu hawezi kueleza kelele iliyofuata. Wanaume walicheka, watoto waliopakatwa walicheka kwa kuwaona wanaume wakicheka. Ndugu Nunziata alianguka kutoka kwenye benchi. Consiglia alishika tumbo kwa mikono miwili akisema, "Acheni, acheni, nitazaa hapa!"

Ndugu Abbondanza alipaza sauti juu ya kelele: "Mama! Mlipata huo mkate?"

Mgeni alijibu bila kucheka. Mkalimani alitafsiri kwa sauti ya chini, na ukumbi ukatulia ili umsikie.

"Mgao ulirudishwa. Baadhi yetu hawakurudi."

Hapo watu waliona kwamba mgeni ametazama mikono yake, na kwamba Ndugu Kuzmin amesimama kama mtu aliyepoteza kitu sokoni. Mwenyekiti aliuliza polepole, "Mama huyu atapata taabu kwa sababu yetu?"

Mkalimani hakulitafsiri swali hilo. Ni neno pekee aliloliacha siku hiyo.

Ndugu Stampacchia aliinuka kutoka kwenye kiti chenye mikono. Wengi walidhani anaanza hotuba, na Ndugu Abbondanza alitamka neno ambalo Mwenyekiti ameruhusu lisiandikwe. Lakini alisema hivi tu: "Ndugu Katibu, mgeni ametoa salamu za kidugu, na ukumbi ulikuwa na kelele nyingi. Nakala ya mkoa iseme hivyo. Mimi nilikuwa hapa, na sikusikia zaidi ya hayo." Ni mtu ambaye hupenda karatasi zake ziwe sawa.

Kisha alimgeukia Ndugu Kuzmin, akamsogezea chupa.

Ndugu Kuzmin alimtazama mgeni kwa muda. Alikaa. Alijimiminia mvinyo mpaka ukingoni, akanywa wote, akasema jambo.

"Ndugu Kuzmin anasema," alisema Mkalimani, "Kiitaliano hakijui, na leo anaona hata Kirusi kimempotea."

Ndugu Kuzmin alipigiwa makofi mengi kuliko mtu yeyote. Wanawake walimbusu mashavuni, akapakatishwa mtoto. Iliazimiwa kwa kauli moja kwamba nakala ya mkoa iwe kama alivyosema Ndugu Stampacchia, na hii ibaki kwa Mwenyekiti.

KUMB. NA. 7/4/51: KUFIKA KWA BI TETTA BLEVE

Wakati makofi yakiendelea, mlango uligongwa kwa ufagio. Bi Tetta Bleve, Katibu wa Chama Huru, alikuwa amesimama nje ya kizingiti, nyuma yake wanachama wake. Alisema hawezi kuingia kwa sababu padre amewakataza kukanyaga ukumbi wa wekundu, lakini wana kikao chao ng'ambo ya ukuta na hawasikilizani.

"Nyinyi mna kikao au mna arusi?" aliuliza. "Kama ni arusi, mbona hatukualikwa?"

Watu walimtazama Mwenyekiti. Mwenyekiti aliinuka, akalibeba benchi yeye mwenyewe, akaliweka kizingitini, nusu ndani nusu nje. Akakaa nusu ya ndani. Bi Tetta alifikiri, kisha akakaa nusu ya nje.

Mwenyekiti: "Birika letu liko wapi?"

Bi Tetta: "Limetoboka."

Mwenyekiti: "Lilitoboka lini?"

Bi Tetta: "Mwaka huo huo. Nilikuwa naona haya kulirudisha."

Mwenyekiti aliuliza, "Binti yako anaendeleaje na kifua?"

Bi Tetta: "Analala amekaa. Akilala chini anakohoa mpaka alfajiri."

Mwenyekiti: "Don Ruggero amekwambia tukitoka sisi muingie nyinyi?"

Bi Tetta: "Kaniambia."

Mwenyekiti: "Ukamjibu nini?"

Bi Tetta: "Nikamwambia nitamuuliza padre."

Mwenyekiti: "Padre kasemaje?"

Bi Tetta: "Kasema wakomunisti tusiwasogelee." Alilitazama benchi. "Kuhusu madirisha hakusema kitu."

Mgeni aliuliza yule ni nani. Mkalimani alimjibu kwa Kirusi, kisha, kwa kuwa hafichi kitu, akaueleza ukumbi alichojibu: "Nimemwambia kwamba kwa mujibu wa Ndugu Stampacchia huyu ni mfarakanishi anayelipwa na Wamarekani, na kwa mujibu wa Ndugu Abbondanza ni jirani anayeomba chumvi."

Bi Tetta alisema, "Abbondanza! Chumvi yenyewe ya mawe!"

Mgeni aliwapita watu akaenda mpaka kizingitini, akambusu Bi Tetta mara tatu kwa mtindo wa kwao. Bi Tetta alijikausha kama kuni. Kisha alisema, "Kumbe wananuka sabuni kama sisi." Akafanya ishara ya msalaba, na baada ya kufikiri akamfanyia mgeni naye. Mkono wa mgeni uliinuka wenyewe mpaka kwenye paji la uso, ukaishia kurekebisha kitambaa. Bi Tetta aliona. Ndugu Kuzmin alikuwa akitazama dari, akimrusharusha mtoto.

KUMB. NA. 8/4/51: KURA

Ndugu Abbondanza alitoa hoja kwamba kesho asubuhi vyama vyote viwili viache meza kwa pamoja na visirudi mpaka madirisha yafunguliwe. Consiglia aliunga mkono.

Ndugu Stampacchia alisema wajibu wake ni kupinga, na iandikwe kwamba amepinga. Imeandikwa. Mwenyekiti alimuuliza kama kesho atakuwa Lecce. Alijibu kwamba atakuwa njiani na wageni, na njia inapita karibu na ghala, jambo ambalo si kosa la mtu.

Wanachama wa Chama Huru walipiga kura wakiwa nje, wakiingiza mikono mlangoni na madirishani. Kulitokea ubishi kama kura hizo ni halali. Mwenyekiti aliamua kwamba padre alikataza miguu, na hii ni mikono. Hoja ilipita. Hakuna aliyepinga ila Ndugu Stampacchia, ambaye hana kura.

Azimio la amani lilipigiwa kura pia, likapita kwa mikono yote, ya ndani na ya nje, kwani hapakuwa na mtu aliyetaka vita. Ndugu Stampacchia alitoa leso akajifuta uso.

Kikao kiliahirishwa mpaka kesho, mahali: uani.

KUMB. NA. 9/4/51: KIKAO CHAENDELEA, JUMATATU, UA WA GHALA

Kengele ya kuanza kazi ilipolia wanawake waliingia kama kawaida, wakakaa, wakangoja mnyapara afungue mizigo ya majani yaliyokwisha kulowanishwa. Mizigo yote ilipokuwa wazi, Ndugu Abbondanza aliinuka. Wakainuka wote. Wakatoka uani wameshikana mikono, wekundu na wa padre. Mnyapara alipiga mayowe mpaka sauti ikakauka.

Majani yaliyolowanishwa yasipochambuliwa siku hiyo yanaoza. Na mwanamke anayefukuzwa Murgaro hana ghala jingine la kwenda. Kila mtu alilijua la kwanza na la pili.

Don Ruggero alifika kwa gari lake. Hakumtazama Mwenyekiti. Alimwendea Bi Tetta.

"Bi Tetta, ingiza watu wako."

"Watu wangu ndio hawa, Don Ruggero."

"Na hawa wekundu?"

"Hao ni wa Cesaria. Tumechanganyika kama dengu na mawe. Kaa hapo uchambue."

Kicheko kilipita uani kama upepo juu ya ngano. Bi Tetta mwenyewe alijifunika mdomo, hakuamini kwamba limetoka kwake.

Wakati huo gari la mkoa lilikuwa likipita, likapata hitilafu mbele ya lango. Dereva hakujua ni hitilafu gani. Wageni walishuka kunyoosha miguu. Don Ruggero aliuliza yule mwanamke mwenye nishani ni nani.

Ndugu Abbondanza alijibu, "Shangazi yangu wa Brindisi."

Mkalimani alimtafsiria mgeni. Mgeni aliitikia kwa kichwa, akamfinya Ndugu Abbondanza shavu kama shangazi.

"Na huyo mwenye kofia?"

"Mjomba. Ni bubu, maskini."

Mkalimani alitafsiri. Ndugu Kuzmin alifungua mdomo, akaufumba.

Don Ruggero alisema hatafungua. Alisema ataita askari, ataita wanawake wa kijiji kingine. Bi Tetta alimwambia hao ni binamu zake, alikwenda kuwaona jana jioni baada ya kikao, na hawatakuja. Don Ruggero aliingia ghalani, akatoka. Aliingia tena. Harufu ya majani ilikuwa imeanza kubadilika, na kila mwanamke uani aliisikia, kwa sababu pua zetu zimesomea hiyo. Mara ya tatu alitoka amevua kofia.

"Upande wa kivuli tu," alisema.

Mwenyekiti alisema, "Na Alhamisi ya Consiglia."

"Alhamisi gani?"

"Aliyoandikwa kwamba hakuwepo, naye alikuwepo amelala juu ya meza yako."

"Mwandikeni alikuwepo!" alifoka Don Ruggero. "Alikuwepo! Mungu wangu, alikuwepo!"

Dai la maziwa kwa wenye kifua lilikataliwa, na limebaki mezani.

Mnyapara alisema hana koleo. Ndugu Stampacchia, aliyekuwa akipita tu, alichukua la dereva, akavua koti, akampa Katibu alishike, akaingia ghalani na kupanda ngazi. Msumari wa kwanza ulimpinga sana. Alimwita msumari ule beberu. Ulipong'oka, aling'oka nao, akaangukia kwenye rundo la majani na kuzama mpaka kifuani. Alipoulizwa kama ameumia, alisema, akicheka machozi yakimtoka, "Ndugu zangu, hili ni jambo kubwa!"

Dirisha lilifunguka. Vumbi la msimu mzima lilipaa, na nyuma ya vumbi ikaingia harufu ya maua ya maharage kutoka mashambani. Wanawake walirudi ndani mbio, wakasukumana madirishani kama watoto. Consiglia alipewa meza ya kwanza. Alitoa kichwa nje, akafumba macho, akakaa hivyo. Mtoto wa tumboni alimpiga teke, naye akawaita wote waje waguse.

Ndipo gari la mkoa likapona. Mwenyekiti alimsindikiza mgeni, akamuuliza, "Ukifika kwenu utawaambia nini kuhusu sisi?"

Mkalimani alitafsiri neno kwa neno, na jibu vilevile.

"Nitawaambia nilipokewa vizuri. Mengine nitayasema nikiwa kwenye mashine yangu. Pale kelele ni kubwa, naweza kusema lolote, tena kwa sauti."

Alimkumbatia Mwenyekiti, wakakaa hivyo mpaka dereva akapiga honi.

KUMB. NA. 10/4/51: KUFUNGA KIKAO

Katika mapumziko ya saa sita Katibu alimtafuta Mwenyekiti ili afunge kikao kilichokuwa wazi tangu jana. Alimkuta uani, amejitupia skafu mabegani, akicheza na Bi Tetta, viatu kando, Ndugu Abbondanza akiwapigia tari na wanachama wa vyama vyote viwili wakipiga makofi. Katibu alimkumbusha kwamba kwa mujibu wa katiba ni yeye anayefunga.

"Funga wewe, Pompilia," alisema. "Mimi nimeshikwa mikono yote miwili."

Katibu alikifunga, saa sita na robo mchana, akaweka kalamu chini akaingia duarani.

Cesaria Mangiullo, MWENYEKITI
(alisaini akiwa bado anahema)

Pompilia Scrimieri, KATIBU